Uso ukipinda upande mmoja, usiulazimishe

Hapa Arua, Uganda, wengi wanaoniletea uso uliopinda ni vijana wa boda, na wengi wameshaambiwa kuwa ni upepo, au kuna mtu kawatupia kitu. Sibishani. Nasema tu: hebu kunja paji la uso. Likikunjika pande zote mbili huku mdomo umekwenda kando, au mkono umelegea, au maneno yanakwama, huenda ni kiharusi. Hospitali sasa hivi. Paji nalo likilala bila kukunjika upande uleule uliolegea, mara nyingi ni neva (mshipa wa fahamu) ya uso iliyovimba ndani ya mfereji wake mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Hata hapo, mwone daktari ndani ya saa 72, maana dawa ya prednisoloni husaidia zaidi ikianzwa mapema. Akupime sukari, presha na VVU, akuangalie pia kama kuna malengelenge sikioni.

Kabla ya zoezi lolote, linda jicho. Vumbi la barabara zetu halina huruma kwa jicho lisilofumba. Mchana vaa miwani na utie matone ya machozi bandia. Usiku paka malhamu ya macho, shusha kope kwa kidole, kisha ulishike kwa plasta laini. Usiweke pamba juu ya jicho lililo wazi, itakuchubua.

Wiki za mwanzo uso haujibu, na hapo ndipo watu wanapoharibu: wanapuliza maputo, wanatafuna chingamu kutwa, wanakunja uso kwa nguvu zote. Acha. Mashine za umeme za kusisimua misuli nazo siziungi mkono. Kanda shavu polepole kwa vidole safi, kutoka pembe ya mdomo kuelekea sikioni. Ukila rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, pitisha kidole ndani ya shavu, chapati hupenda kujificha pale.

Msuli ukianza kucheza, kaa mbele ya kioo, mahali patulivu. Tabasamu kidogo sana, midomo imefungwa. Upande usio mgonjwa utataka kuvuta uso wote. Uzuie kwa kiganja. Sasa tazama jicho la upande mgonjwa. Likijifumba wakati mdomo unasogea, umezidisha: neva inapoota upya huweza kuunganika na msuli usio wake. Punguza mpaka jicho litulie, hata kama tabasamu limebaki dogo kiasi cha kuonekana na wewe peke yako. Shikilia kidogo, achia, pumzika. Fanya vivyo hivyo kwa kukunja pua, kuinua nyusi, kutamka "pa" na "ba". Rudia kila zoezi mara chache tu, kwa dakika chache, mara 2 au 3 kwa siku. Mzee mmoja aliniuliza, "Daktari, haya ndiyo mazoezi kweli?" Ndiyo, mzee wangu.

Wengi huanza kupata nafuu ndani ya wiki 3. Usipoona dalili yoyote ya nafuu kufikia hapo, rudi kwa daktari. Miezi 3 ikipita uso haujarudi sawasawa, omba rufaa kwa mtaalamu.