Somo: Kiti cha gari kwa mtoto anayekua, chagua kwa kilo na urefu

Wengi huuliza mtoto wa mwaka mmoja anakaa kiti gani. Umri peke yake haujibu. Watoto wawili wa Ngamiani waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana kilo tatu.

Hatua ya 1. Toa kadi ya kliniki, soma uzito wa mwezi huu. Urefu mpime ukutani, bila viatu.

Hatua ya 2. Geuza kiti utafute stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Viti vya R44, kiwango cha zamani cha usalama cha Umoja wa Mataifa, vinataja kilo, vya R129, kiwango kipya, vinataja sentimita. Kwenye R44 namba ya idhini ianze na 03 au 04. Ikianza na 01 au 02, mrudishie muuzaji.

Hatua ya 3. Mtoto mchanga atazame nyuma ya gari. Hapa ndipo wazazi wanapoharakisha, eti mtoto apate kuona njia! Kichwa chake ni kizito kwa mwili ule, na shingo bado laini. Gari likigonga kwa mbele, kiti kinachotazama nyuma hupokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Kinachotazama mbele huzuia kiwiliwili, kichwa kikajiendea. R129 inataka angalau miezi 15, lakini mimi ningemwacha mpaka afikie kikomo cha kiti chake. Miguu kukunjwa si tatizo, mkekani si ndivyo anavyokaa? Ila kiti hicho kisifungwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi, maana ukifumuka unapiga palepale kilipo kichwa.

Hatua ya 4. Akishakijaza kiti kile cha kutazama nyuma, ageuzwe mbele kwenye kiti chenye mikanda yake, kwa kawaida hadi kilo 18. Mikanda itokee usawa wa mabega au juu kidogo. Ukiufinya mkanda begani ukapata mkunjo, umelegea.

Hatua ya 5. Kisha busta, kiti cha kumnyanyua ili mkanda wa gari umkae: wa chini juu ya mapaja, si tumboni, wa juu katikati ya bega, si shingoni. Wengi huihitaji hadi sentimita 135, wengine hata 150.

MASWALI

Nimeona kiti cha mtumba, bei nzuri. Nichukue?
Kama humjui aliyekitumia, kiache. Kikishapitia ajali hakifai, na ufa wa ndani huuoni kwa macho.

Siti ya katikati ina mkanda wa kiunoni tu. Busta itafaa?
Haifai, inataka mkanda unaopita na begani. Mkubwa ahamie katikati, mtoto akae pembeni.

Tunapanda Lushoto, kule baridi.
Koti nene huacha mikanda imelegea. Mfunge kwanza, kisha mfunike kanga au blanketi kwa juu. Mkirudi kwenye jua la Tanga, gusa chuma cha kifungo kabla hujamkalisha, kinaunguza.

Bibi yake anasema atampakata, ndivyo alivyotulea sisi.
Muombe kwa adabu akae siti ya nyuma, pembeni ya mjukuu, amshike mkono. Kwa mwendo wa barabara ya Segera, gari likigonga hakuna mikono inayomzuia hata mtoto wa kilo saba. Na msiwafunge wote wawili mkanda mmoja: uzito wote wa bibi utambana mtoto kwenye ule mkanda.