Namna ya kumsoma mtakatifu wa jina lako

Kila Kwaresima wakatekumeni watu wazima wa parokia yetu hapa Kadutu, Bukavu, huniletea majina waliyochagua kwa ajili ya ubatizo. Elizabeti, Fransisko, Klara, Katarina, Bernardo. Huwa nawauliza: huyu umemjulia wapi? Mmoja atasema ni jina la shangazi yake, mwingine ameliona kwenye kalenda ya ukutani. Hapo ndipo kazi yangu inapoanza, kwa kuwa jina utakalolibeba hadi kaburini linastahili kusomwa kwanza. Naandika hapa yale ninayowaelekeza, hasa kwa majina ya watu walioishi Ulaya ya Zama za Kati, ambao vitabu vyao vinatuchanganya kuliko vya wengine.

Kanuni yangu ni hii: anza na yule aliyekuwa karibu zaidi na mtakatifu. Maneno yake mwenyewe yakiwepo, anza nayo. Yasipokuwepo, tafuta waliokula naye na kulala chumba kimoja naye. Baada ya hao ndipo umsome mtawa aliyeketi akatunga kitabu cha maisha yake, na mwisho kabisa masimulizi yaliyozuka miaka mia baadaye. Vijitabu vingi vinavyouzwa mlangoni mwa kanisa vinafuata njia ya kinyume. Vinakupa maua na mwanga kichwani, na mtu mwenyewe humwoni.

Sisi wa Kivu Kusini tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, walitangazwa wenye heri wamisionari watatu Waksaveri kutoka Italia pamoja na padri Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Katika kesi za namna hiyo Kanisa huwatafuta mashahidi na kuuliza: ulimwona? Alisema nini? Ulikuwa umesimama wapi? Na mambo hayo hayakuanza juzi.

Mchukue Elizabeti wa Hungaria. Alizaliwa mwaka 1207, binti wa mfalme, akapelekwa Thüringen huko Ujerumani akiwa mtoto wa miaka minne ili aje aolewe na mtawala wa huko. Mumewe, Ludwig, alifariki mwaka 1227 akiwa njiani kwenda vita vya msalaba. Elizabeti alibaki mjane wa miaka ishirini na watoto watatu. Akajenga hospitali Marburg, akawahudumia wagonjwa kwa mikono yake, akafa tarehe 17 Novemba 1231 akiwa na miaka 24. Kabla hajatangazwa mtakatifu mwaka 1235, wanawake wanne waliokuwa watumishi na wenzake waliitwa wakatoa ushahidi, na maneno yao yaliandikwa. Mmoja wao, Guda, alikuwa naye tangu utotoni.

Soma ushahidi huo kabla ya kitu kingine chochote. Ni mfupi, kwa Kifaransa unapatikana, na unaweza kuumaliza kwa jioni mbili hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Utakutana na jambo ambalo mimi huwasomea watu kila mwaka, na kila mwaka chumba hunyamaza. Elizabeti alikataa kula mezani pa mumewe chakula chochote kilichopatikana kwa kuwanyang'anya wakulima. Aliuliza kila sahani imetoka wapi. Akiambiwa nyama ni ya haki lakini divai ina mashaka, aliwaambia wanawake wake: leo mtakula tu. Ikiwa divai ni safi na chakula kina mashaka: leo mtakunywa tu. Vikiwa safi vyote viwili alipiga makofi kwa furaha, akasema, heri yetu, sasa tutakula na kunywa. Na mumewe? Watumishi wanasema alimruhusu, akasema hata yeye angefanya hivyo kama asingeogopa maneno ya watu wa nyumbani mwake.

Sasa linganisha na hadithi inayojulikana kuliko zote: Elizabeti amebeba mikate kwa siri, mumewe anamkuta njiani, anafunua nguo, mikate imegeuka maua ya waridi. Ni nzuri, imechorwa kwenye madirisha ya makanisa mengi. Lakini wale wanawake wanne hawaizungumzii hata kidogo, na Ludwig wanayemsimulia hakuwa mume wa kuvizia mikate ya mkewe. Usiitupe hadithi ya waridi. Iweke mahali pake, kama wimbo ambao watu walimtungia kwa mapenzi, kisha rudi kwenye ile meza. Mtu anayeuliza maharage haya yametoka shamba la nani, na nani ameyalilia, anaweza kuishi utakatifu huo Bukavu leo asubuhi sokoni Kadutu. Muujiza wa waridi hauigiki.

Katika ushahidi huohuo kuna kurasa ngumu. Mwungamishi wake, yaani padri aliyemwungamisha, Conrad wa Marburg, alikuwa mkali mno. Aliamuru apigwe, akawafukuza Guda na Isentrud, rafiki zake wa tangu zamani, ili asiwe na mtu wa kumfariji. Baada ya kipigo kimoja Elizabeti alisema sisi ni kama matete ya mtoni: mafuriko yakija yanainama, maji yakipita yanainuka tena. Napasoma mahali hapa kwa uangalifu mkubwa na naomba kila anayemsomea mwingine afanye hivyo. Mwanamke anayepigwa nyumbani asisomewe matete haya kama amri ya kuendelea kuinama. Kanisa lilimtangaza mtakatifu Elizabeti. Fimbo ya Conrad haikutangazwa. Mpe msomaji wako pia ule usiku wa Marburg: amewagawia maskini fedha mchana kutwa, wagonjwa na wanyonge wamebaki uani wasijue pa kwenda, anaagiza wapewe mkate na kuwashiwa moto, wanaoshwa miguu, na wanaanza kuimba. Hapo anawaambia wenzake kwamba siku zote amewaambia ni lazima tuwafurahishe watu. Mimi nikitaka kueleza karama ya Elizabeti naanzia kwenye moto ule.

Kwa Fransisko wa Asizi njia ni ileile, ila kuna vichaka zaidi. Ile sala ya kuomba kufanywa chombo cha amani, tunayoiimba kwenye misa na mazishi, haikuandikwa naye. Imeonekana kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1912, katika jarida dogo la Kifaransa, bila jina la mtunzi. Endelea kuisali, ni sala ya kweli, nami naipenda. Lakini ukitaka kumsikia Fransisko mwenyewe, fungua Wasia wake wa mwaka 1226, mwaka aliofariki. Ni kurasa chache. Anaanza na wakoma: kwamba alipokuwa katika dhambi kuwatazama kulikuwa kuchungu mno, Bwana akampeleka kati yao, akawahurumia, na kile kilichokuwa kichungu kikageuka utamu wa roho na mwili. Soma sentensi hizo kwa sauti, taratibu, halafu funga kitabu kwa siku hiyo. Zinatosha.

Baadaye ndipo umsome Tomaso wa Celano, aliyeandika mara baada ya Fransisko kutangazwa mtakatifu mwaka 1228, na Bonaventura, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1263. Mtaona hawafanani, na kuna sababu. Ndugu Wafransisko walikuwa wanagombana juu ya ufukara: waishi kwa ukali gani, wamiliki nini. Bonaventura, mkuu wa shirika lao, alitaka kuwapatanisha, na mwaka 1266 mkutano mkuu wa Paris uliamuru maandiko ya zamani yaharibiwe, kibaki kitabu chake peke yake. Kile cha kwanza cha Celano kilikuja kuchapishwa mwaka 1768 tu. Kwa hiyo ukisoma Bonaventura jiulize anawatuliza akina nani. Hilo halimpunguzii utakatifu yeye wala Fransisko.

Kuhusu miujiza kwa jumla, wengi wanaanguka upande mmoja au mwingine: wanameza yote au wanacheka yote. Watunzi wa zamani zile walikuwa wamelishwa Biblia na maisha ya watakatifu wa kale kama Antoni na Martino wa Tours; walipotaka kusema mtu huyu anafanana na Kristo walisimulia mkate ulioongezeka na mgonjwa aliyesimama. Angalia kama mtunzi anataja aliyeona. Raimondo wa Capua, aliyeandika juu ya Katarina wa Siena, ni mfano mzuri: alikuwa mwungamishi wake, mwishoni mwa sura anataja nani alimweleza mambo hayo, na anasimulia waziwazi kwamba mwanzoni hata yeye alimshuku, akataka apewe ishara. Mwandishi anayeandika mashaka yake namwamini haraka zaidi.

Katarina alifariki Roma mwaka 1380 akiwa na miaka 33, na ameacha barua karibu 380, nyingi alizotamka wengine wakaandika. Chukua moja moja. Mwanzoni, baada ya salamu, karibu kila mara husema anatamani kumwona huyo anayemwandikia akiwa namna fulani: jasiri, mvumilivu, aliyevikwa upendo. Pigia mstari neno hilo, maana barua nzima inaning'inia hapo, awe anamwandikia Papa, malkia au mama yake mwenyewe. Jambo moja nalisema kwa nguvu, hasa kwa wasichana: msiige mfungo wake. Karibu aliacha kula kabisa, na mwili ulimshinda mapema. Yeye mwenyewe alimjibu mtu mmoja aliyetishika kwamba alikuwa akimwomba Mungu aweze kula kama watu wengine, na alifundisha kwamba kujitesa ni chombo tu, msingi ni upendo.

Sasa mpango wenyewe. Tafuta sikukuu ya mtakatifu wako: Katarina 29 Aprili, Klara 11 Agosti, Bernardo 20 Agosti, Fransisko 4 Oktoba, Elizabeti 17 Novemba. Anza siku tisa kabla, kama novena, ukurasa mmoja au miwili kila jioni baada ya chakula. Uwe na daftari. Upande wa kushoto andika alichosema mtakatifu au shahidi aliyekuwepo. Upande wa kulia alichoongeza mtunzi. Kitabu kikiwa cha Kifaransa, kisome kwa Kifaransa, lakini usiandike kitu ambacho huwezi kumweleza bibi wa shirika lenu, ile jumuiya ndogo ya mtaani, kwa Kiswahili. Mkikutana katika shirika, asome mmoja kwa sauti kipande kifupi, wengine wafumbe vitabu wasikilize, halafu nyamazeni kidogo kabla mtu hajaongea. Umeme ukikatika, hilo halizuii kusimulia.

Utakutana pia na mambo yatakayokuumiza. Bernardo wa Clairvaux aliandika juu ya upendo wa Mungu kwa utamu usiochosha, na mwaka 1146 akahubiri vita vya msalaba pale Vézelay. Katika miaka hiyohiyo alisimama kumzuia mtawa aliyewachochea watu kuwaua Wayahudi wa bonde la Rhine. Yaandike yote matatu kwenye daftari, usifute hata moja, na umpelekee padri swali lako likiwa limeandikwa.

Aliyemaliza Elizabeti mimi humpa barua nne za Klara wa Asizi kwa Agnes wa Praga. Agnes naye alikuwa binti wa mfalme aliyeacha jumba, na Klara anamwandikia kama dada mkubwa, akimwambia ajitazame kila siku katika kioo ambacho ni Kristo. Ni fupi, na barua ya nne ndiyo nzuri kuliko zote. Aliiandika mwaka 1253, akiwa karibu kufa.