Kusimamia mwenyewe huduma za nyumbani za mzazi aliyeko Australia

Mzazi anapopata fedha za serikali ya Australia za kuhudumiwa nyumbani, familia nyingi humwachia mtoa huduma, yaani kampuni au shirika linalosimamia huduma hizo, mambo yote: kuchagua mhudumu, kupanga siku na saa, na kulipa. Sheria inaruhusu njia nyingine, nayo ni ya mzee au familia yake kuusimamia mpango wenyewe, huku mtoa huduma aliyesajiliwa akibaki kuwa mshika fedha na mwenye dhamana mbele ya serikali. Nimeifuata njia hii kwa ajili ya mama yangu. Kazi yake ni kubwa kuliko nilivyodhani, lakini imempa mama jambo ambalo hakuwa nalo kabla, yaani kauli juu ya nani anaingia chumbani mwake na saa ngapi.

Tangu tarehe 1 Novemba 2025 fedha hizi hutolewa kupitia mpango wa Support at Home, uliochukua nafasi ya Home Care Packages. Unawahusu watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, na kwa jamii za Aboriginal na Torres Strait Islander ni kuanzia miaka 50. Maombi hupitia My Aged Care, simu 1800 200 422. Mzazi asiyejua Kiingereza aanzie kwenye huduma ya ukalimani, 131 450, aombe mkalimani wa Kiswahili, kisha aunganishwe; mkalimani huyo hatamgharimu chochote.

Siku ya tathmini, yaani mpimaji anapokuja kupima mahitaji ya mzee, nakusihi usimkalimanie mzazi wako mwenyewe. Mbele ya watoto wazee huficha mengi, na kwa adabu yetu mtu akiulizwa hali hujibu "sijambo" hata kama usiku mzima hakulala kwa maumivu ya magoti. Mpimaji asiyeijua adabu hiyo ataandika kwamba mzee hana tatizo. Kwa hiyo kaa naye siku chache kabla, mwandike pamoja mambo yanayomshinda: kuinuka kitini, kufungua kopo, kuoga bila kushika ukuta. Tathmini ndiyo itakayomweka katika moja ya ngazi nane za mpango, na kila ngazi ina kiwango chake cha fedha.

Kabla ya kusaini mkataba, muulize mtoa huduma kama anapokea wateja wanaojisimamia, kwa sababu si wote wanaokubali. Akikubali, akupe majibu haya kwa maandishi: ataongeza asilimia ngapi juu ya ankara za wahudumu uliowachagua wewe, atalipa ndani ya siku ngapi, na ni kazi zipi lazima azidhinishe kwanza. Mzazi akitaka umsaidie kuwasiliana na mtoa huduma, omba kupitia My Aged Care uandikishwe kuwa msaidizi wake rasmi. Cheo hicho hakikupi mamlaka ya kuamua badala yake. Uamuzi unabaki wake.

Bajeti hutolewa kwa robo mwaka, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mpango ulipoanza, ngazi ya nne ilikuwa na dola 7,424 hivi kwa robo. Asilimia 10 hukatwa kwa ajili ya uratibu wa huduma, hata kwa anayejisimamia, kwa hiyo zinabaki kama dola 6,680. Zigawe kwa wiki 13, upate takriban dola 514 kwa wiki, na hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani. Fedha zisizotumika haziendi zote robo inayofuata: kinachovuka hakizidi dola 1,000 au asilimia 10 ya bajeti ya robo, kutegemea ipi ni kubwa. Ukibana matumizi ukidhani unaweka akiba, unampotezea mzazi haki yake.

Kuna pia mchango wa mzee mwenyewe. Uuguzi na tiba nyingine za kitaalamu hachangii. Kwa usafi wa nyumba au bustani, anayepokea pensheni kamili huchangia asilimia 17.5, kwa maana kwamba kazi ya dola 100 humtoa dola 17.50 mfukoni; kwa huduma za kumwezesha kujitegemea, kama usafiri, ni asilimia 5. Wenye kipato na mali zaidi huchangia zaidi. Chakula cha dukani, kodi ya nyumba na umeme havilipwi na mpango huu.

Kuhusu wahudumu, unaweza kumtafuta umtakaye, lakini mtoa huduma lazima ahakikishe kwamba mhudumu huyo amechunguzwa rekodi ya polisi na anafuata kanuni za maadili za sekta hii. Usimwanzishe kazi kabla hajathibitishwa, maana ankara ya siku hizo huenda isilipwe. Mhudumu wa kwanza tuliyeletewa, kabla sijaanza kusimamia, alikuwa akifika wakati mama yuko kwenye mkeka wa sala, naye akimsubiri mlangoni kwa haraka. Tuliyemchagua wenyewe huja saa tatu asubuhi, humwamkia "shikamoo, mama", na ndipo mama hukubali kuogeshwa.

Weka daftari moja tu nyumbani. Mhudumu aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na alichofanya, na mzee atie sahihi. Ankara ikija, ilinganishe na daftari kabla ya kuituma kwa mtoa huduma. Kisha ilinganishe tena na taarifa ya kila mwezi ambayo mtoa huduma anapaswa kukutumia. Ukiona tozo usiyoielewa, uliza kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye kumbukumbu. Usiporidhika, piga 1800 700 600, mtandao wa watetezi wa wazee uitwao OPAN, ambao watazungumza na mtoa huduma kwa niaba ya mzazi wako bila malipo. Malalamiko rasmi hupelekwa kwa Aged Care Quality and Safety Commission, 1800 951 822.