London hadi Chake Chake: hesabu masaa, kilomita baadaye

Ukiuliza mtandaoni umbali wa Heathrow mpaka uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, utajibiwa karibu kilomita 7,450, na chini yake masaa tisa au kumi ya kuruka. Hiyo ni hesabu ya ndege isiyotua popote. Wewe utapitia Doha, Addis Ababa, Istanbul au Muscat.

Addis iko karibu na njia yenyewe, inakuongezea kilomita 150 hivi tu: masaa saba na nusu kutoka London, kisha mawili na nusu mpaka Unguja. Kwa Doha jumla inakaribia kilomita 9,000. Hata hivyo usikimbilie njia fupi. Aliyekaa Addis masaa tisa akingoja ndege atamkuta mwenzake wa Doha, aliyengoja mawili, keshafika zamani. Basi kwenye tiketi tazama muda wa kungoja, halafu saa ya kutua.

Kwa Mpemba saa ya kutua ndiyo kila kitu. Unguja mpaka Chake Chake, Pemba, ni kilomita 125, nusu saa angani, lakini ndege ni ndogo na zinaruka mchana. Ukitua Unguja jioni, umelala Unguja. Ndiyo maana kila ndugu ninayemshauri namwambia atafute ndege inayotua asubuhi, na aache masaa matatu au manne kabla ya kupanda ya Pemba. Kuna foleni ya uhamiaji, kuna kungojea masanduku, kuna kutoka Jengo la Tatu kwenda kwenye ndege za ndani. Tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali hazijuani: ya kwanza ikichelewa, ya pili haimsubiri mtu, na nauli imekwenda.

Mizigo nayo. Ndege hizi ndogo mara nyingi zinaruhusu kilo 15, kwenye begi laini, wakati wewe umetoka London na masanduku ya kilo 23. Dawa za wazee, hati na nguo za siku mbili panda nazo. Masanduku mpe jamaa wa Unguja ayapakie, bandarini Malindi, kwenye boti ya kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, mtu wenu ayapokee huko.

Kama hukupata tiketi ya ndege inayotua asubuhi, angalia sana unavyowaambia nyumbani. Tuseme tiketi imeandika unatua Ijumaa 02:40, yaani saa nane na dakika arobaini usiku. Ukisema "nafika usiku wa Ijumaa", mzee atafahamu Alkhamisi baada ya magharibi, na atakuwa sawa. Kijana mwenye gari atakuja Ijumaa usiku, na wewe ushalala uwanjani. Sema "usiku wa Alkhamisi kuamkia Ijumaa, saa nane", kisha mtumie picha ya tiketi huyo huyo dereva.