Mikanda ya miguu kwenye ubao wa kaiti: kuchagua na kufunga

Kwa anayeanza kuendesha kaiti (tiara kubwa inayokuvuta majini ukiwa umesimama juu ya ubao) Malaika au Igombe, fukwe za Ziwa Victoria huko Mwanza, nunua mikanda, buti za kufungwa kwenye ubao ziache. Buti ni za wanaoruka kwa mbinu nzito. Ukianguka karibu na mawe, unataka ubao uachie mguu kabla goti halijapinda. Sharti ni moja: mguu uingie bila kusukumwa, utoke kwa kuvutwa tu.

Hatua ya 1: pedi, yaani mto unaokanyagwa chini ya mkanda. Alasiri upepo wa ziwa huinua mawimbi mafupi yanayogonga ubao mfululizo, kwa hiyo chagua pedi laini kisigino, yenye mgongo mdogo chini ya vidole.

Hatua ya 2: nafasi. Pima kwa futi kamba toka katikati ya pedi moja hadi nyingine. Wengi huangukia sentimita 50 hadi 60. Anza na upana wa mabega. Geuza vidole vya kila mguu nje kama nyuzi 10, pande zote sawa.

Hatua ya 3: bolti. Hapa ndipo mbao huharibiwa. Mbao nyingi zina matundu yenye hesi (mistari ya ndani inayoshika bolti) ya M6, yaani ya bolti nene milimita 6. Weka washa (kipete bapa cha chini ya kichwa cha bolti), anza kuzungusha kwa vidole, na bolti iingie angalau mizunguko 5 bila kubana. Ikikataa, itoe uanze upya. Ukilazimisha kwa bisibisi, hesi inakatika, na tundu hilo halirudi. Bolti ndefu kupita kiasi hugota chini kabla haijaibana pedi: unaona imekaza, kumbe mkanda unacheza. Drili ya umeme iache nyumbani. Nunua bolti zisizoshika kutu, hata kama maji yetu si ya chumvi.

Hatua ya 4: kubana mkanda. Lowesha miguu na mikanda kwanza, kwa sababu mguu mkavu hugoma mapema na utadhani mkanda umetosha. Mkanda ulale juu ya mgongo wa mguu, dole gumba lionekane lote upande wa pili. Keti mchangani, vaa, inua miguu: ubao ubaki. Sasa nyoosha vidole uvute kisigino nyuma. Mguu usipotoka, legeza velkro kidogo.

Usiufunge ubao kwa kamba kiunoni. Ukianguka, kamba hujivuta na ubao hurudi kichwani.

Baada ya dakika 20 za kwanza majini rudi ufukweni ukaze bolti tena: pedi mpya hushuka chini ya mguu, na bolti hubaki imelegea.