SOMO: Jinsi ya kuchagua kiatu rasmi kitakachokufikisha mwisho wa hafla bila kuchechemea

Wakuu, salaam. Msimu wa hafla za kikazi ukikaribia, maswali ya viatu huwa mengi, na karibu yote huulizwa yakiwa yamechelewa: mtu keshanunua, kiatu kinabana, hafla ni kesho. Somo hili ni la kusoma wiki mbili tatu kabla. Ni la wote, wanaume kwa wanawake. Penye tofauti nitasema.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kiatu cha hafla huchaguliwa kwa ajili ya saa ya mwisho, si ya kwanza. Dukani umekaa kitini, chini kuna zulia, kila kiatu kinaonekana rafiki. Balaa huja baadaye, mguu ukishavimba kidogo, soksi ikishalowa jasho, na uzito wote ukiwa umehamia sehemu moja ya wayo huku mpiga picha anasema "bado moja ya mwisho".

Hatua ya 1: Jua utasimama muda gani, na juu ya nini

Chakula cha jioni cha kukaa mezani ni jambo moja, kupokea wageni mlangoni au kusimama kwenye banda la maonyesho ni jambo lingine kabisa. Uliza pia sakafu. Marumaru iliyopigwa deki inateleza kwa soli mpya ya ngozi. Kwenye nyasi kisigino chembamba kinazama. Kama utapanda jukwaani, hesabu na ngazi. Kuhusu rangi na mtindo sina mengi: fuata kadi ya mwaliko, na ukiwa na shaka, cheusi kisicho na madoido hakijawahi kumuaibisha mtu.

Hatua ya 2: Pima miguu yote miwili, jioni

Mguu hutanuka kadiri siku inavyokwenda. Kiatu kilichokutosha barabara asubuhi kinaweza kukubana usiku, na hafla nyingi ni za usiku. Kwa hiyo pima jioni. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama wima kisigino kikiwa kwenye ukuta, kisha mtu akuchoree mstari mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Si lazima kiwe kidole gumba, kuna wengi ambao cha pili ndicho kinachotangulia. Usijichoree mwenyewe, maana ukiinama uzito unahama na kipimo kinabadilika. Rudia kwa mguu wa pili. Miguu ya watu wengi hailingani, na kiatu hununuliwa kwa mguu mkubwa. Ule mdogo utautafutia soli ya ndani.

Namba sasa. Katika mfumo wa Ulaya, kutoka namba moja hadi inayofuata ni theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7. Kwa Uingereza na Marekani ni theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Ndiyo maana kupanda namba moja si kitu kilekile kila mahali. Tena namba inataja urefu tu, haisemi lolote kuhusu upana wala umbo la ncha, na kila kiwanda kina kalibu zake, yaani yale maumbo ya mguu ambayo kiatu hushonewa juu yake. Usishangae 42 ya hapa kukubana na 42 ya pale kupwaya.

Hapo kwenye upana ndipo wengi wanapopotea. Kiatu kinabana pembeni, mtu anapanda namba. Anachopata ni kiatu kirefu, ambacho kinapinda mahali ambapo mguu haupindi, na kisigino kinachomoka kila anapoinua mguu. Bora utafute kiatu kipana cha namba yako ileile. Baadhi ya watengenezaji huweka herufi ya upana pembeni ya namba, iulizie.

Hatua ya 3: Kikague kiatu kabla hujakivaa

Shika ncha kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, kisha kikunje taratibu. Kiatu kizuri kinapinda pale vidole vinapoanzia. Kikijikunja katikati, chini ya uvungu wa wayo, maana yake hakina kile kibanzi cha chuma au plastiki ngumu kinachofichwa ndani ya soli ili kuibeba. Usiku huo kazi hiyo utaifanya wewe kwa misuli yako. Halafu kisokote. Kikikubali kwa urahisi, kirudishe kwenye rafu. Najua kinavutia kwa wepesi wake, lakini ulaini wa namba hiyo ni wa nusu saa.

Kisha ingiza kidole cha shahada ndani. Kipitishe polepole kwenye ukingo wa nyuma, kwenye mishono ya pembeni, na chini ya ulimi. Utasikia vitu ambavyo jicho halivioni: fundo la uzi, tone la gundi iliyokauka, kona ya bitana iliyokunjwa vibaya. Kama ncha ya kidole imekwaruzwa mara moja, fikiria ngozi ya kisigino itakayopita hapohapo kila hatua, jioni nzima.

Kuhusu malighafi, muuzaji atakwambia "kitatanuka tu, usijali". Ni kweli nusu. Ngozi halisi hutanuka kidogo kwa upana, kwa urefu sahau. Swedi, ile ngozi yenye vinyweleo laini juu, hutanuka upesi zaidi. Ile ngozi ya kung'aa kama kioo na ngozi bandia hazitanuki kwa kiasi cha kukusaidia, na zinatunza joto.

Hatua ya 4: Kivae, na usikae

Vaa soksi zilezile utakazovaa siku hiyo. Simama. Mbele ya kidole kirefu pabaki karibu sentimita moja, na vidole viweze kuchezacheza. Sehemu pana ya mguu ikae kwenye sehemu pana ya kiatu. Hili ni muhimu kuliko ule mchezo wa kubonyeza ncha kwa dole gumba. Kisha toka kwenye zulia. Tembea sakafu ngumu, na kama kuna ngazi, shuka. Kushuka ndiko kutakakokuonyesha kama vidole vinagonga mbele.

Viatu vya kamba viko vya namna mbili. Oxford, mabawa yenye matundu ya kamba yameshonewa chini ya ngozi ya mbele, kinaonekana nadhifu na rasmi zaidi. Derby, mabawa yako juu na yanafunguka. Mwenye mguu ulionyanyuka kwa juu asijitese na Oxford, achukue Derby na hakuna atakayemuuliza. Oxford mpya iache upenyo kidogo kati ya mabawa, kama sentimita moja. Yakigusana tangu siku ya kwanza, ngozi ikilegea hutakuwa na pa kukaza. Moka, kwa kuwa hazina kamba, lazima zikukamate vizuri tangu dukani.

Hatua ya 5: Kwa wavaa mchuchumio

Kisigino kikipanda, uzito unamiminika mbele, chini ya vidole. Huko ndiko kunakowaka moto. Kwa hafla ya kusimama, sentimita 3 mpaka 5 zinatosha kukupa umbo bila adhabu. Ukitaka urefu zaidi, angalia soli ya mbele: kiatu chenye kisigino cha sentimita 9 na soli nene ya sentimita 3 mbele kinakuinamisha sawa na cha 6. Kisigino kinene hukutuliza kuliko chembamba. Na kiweke mezani ukitazame kwa nyuma na kwa pembeni. Kisigino kikae chini ya kisigino chako hasa, si kimerudi nyuma kabisa. Mkanda wa kwenye kifundo unasaidia sana, kwa sababu bila huo vidole ndivyo vinavyokunjamana kukishika kiatu kisivuke.

Skuna zenye ncha kali zinahitaji urefu wa ziada: vidole viishe kabla ncha haijaanza kubana.

Hatua ya 6: Kizoeshe nyumbani

Saa moja leo, saa moja na nusu kesho, ndani ya nyumba, na soksi. Kikianza kuchoma mahali, vua na upatie alama. Pakibana kwa upana, mpelekee fundi viatu akitie kwenye kalibu ya kutanulia. Soli mpya ya ngozi ipigwe msasa kidogo mbele, au fundi abandike raba nyembamba. Haionekani.

Soksi za pamba tupu hunywa jasho na kulishikilia, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Za sufu nyepesi au mchanganyiko wa nailoni ni bora. Ziwe ndefu kiasi cha kuficha goko ukikaa.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Bandika plasta au tepu ya karatasi pale unapojua patachubuka, kabla hujavaa, mguu ukiwa mkavu. Njoo na viatu vyako vya kawaida, ubadili ukifika. Ukiwa umesimama, usigande: hamisha uzito, piga hatua mbili, kunja vidole ndani ya kiatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa darasa. Moka zangu zinapwaya kisigino, nimebandika sponji nyuma lakini sasa vidole vinabana. Nifanyeje?

Jibu: Itoe hiyo sponji. Ikiwa nyuma inakusukuma mbele, ndiyo maana vidole vinalia. Tafuta kipande chembamba cha sponji au ngozi ubandike chini ya ulimi, upande wa juu ya mguu. Kitakurudisha nyuma mpaka kisigino kikae mahali pake. Kikishindikana, moka hizo si namba yako.

Swali: Dada yenu nina viatu vya hafla vizuri tu, havijavaliwa miaka mingi, viko kwenye boksi. Si ni vipya?

Jibu: Dada, vitazame soli kwanza. Soli nyingi nyepesi na laini ni za poliuretani, aina ya plastiki, na hiyo huharibiwa taratibu na unyevu wa hewani hata bila kuvaliwa. Hauonekani ufa wowote, halafu unatembea hatua chache soli inamomonyoka vipandevipande ukumbini. Ibonyeze kwa ukucha na uikunje kwa nguvu. Ikinata, ikiacha unga au kuonyesha nyufa, peleka kwa fundi abadilishe soli. Ikiwa nzima, vivae nyumbani siku kadhaa kabla ya kuviamini. Gundi nayo huchoka.

Swali: Nimesikia unaweza kutanua kiatu kwa kuweka mfuko wa maji ndani na kukitia kwenye friza. Ni kweli?

Jibu: Maji yakiganda hutanuka, hilo ni kweli. Lakini yanasukuma popote yanapoweza, si pale unapobanwa wewe, na mfuko ukivuja umeharibu bitana. Wengine hutumia mashine ya kukaushia nywele. Moto huo unakausha ngozi na kulegeza gundi. Fundi mwenye kalibu atakutanulia sehemu husika tu.

Swali: Kila nikivaa mchuchumio sehemu ya chini ya vidole inawaka. Nimenunua vile vipedi vya jeli, havisaidii. Tatizo nini?

Jibu: Kuna vya aina mbili na watu huvichanganya. Cha bapa hukaa moja kwa moja chini ya sehemu inayowaka, kazi yake ni kulainisha tu. Kile chenye kinundu kinakaa nyuma kidogo ya hapo, kuelekea uvungu wa wayo, ili kipokee uzito kabla haujafika mbele. Ukikiweka kile cha pili mahali pa kile cha kwanza, umeongeza maumivu. Kisogeze nyuma, jaribu. Tena vipedi hula nafasi, kwa hiyo nenda navyo dukani. Maumivu yakikufuata hata ukiwa na ndala, muone daktari.

Swali: Mimi ni mjamzito, miezi ya mwisho, na ofisi ina hafla. Ninunue namba kubwa?

Jibu: Hongera. Ndiyo, pima upya jioni ile unayonunua, usitegemee namba yako ya zamani, maana mguu huvimba na mishipa inayoshikilia mifupa hulegea. Chukua kiatu cha chini, kipana, chenye mkanda unaorekebishika. Mguu ukivimba ghafla, au uvimbe ukiambatana na kichwa kuuma sana au kuona maruweruwe, hilo si la kiatu tena, wahi hospitali.

Swali: Kwani raba nyeusi safi na suti haziruhusiwi? Vijana wanavaa.

Jibu: Inategemea ofisi. Kama mkurugenzi wenu anavaa, vaa. Kama kadi imeandika mavazi rasmi, mimi singejaribu. Kuna viatu vya ngozi vyenye sura ya Derby na soli ya raba ndani kwa ndani. Hivyo vinakupa starehe ileile bila maelezo.

Swali: Mzee wangu ana kisukari na miguu yake haisikii vizuri. Ameitwa kupewa cheti cha kustaafu, anataka viatu vipya. Hatua ya kuzoesha inamhusu?

Jibu: Inamhusu, ila kwa namna nyingine. Yeye hawezi kutegemea maumivu kumwambia kiatu kinabana, kwa hiyo lazima macho yafanye kazi hiyo. Avae dakika 20 hadi 30 tu kwa mara moja mwanzoni, avue, na umkague mwenyewe: juu ya vidole, kati ya vidole, kisigino, chini ya wayo. Wekundu usiopotea muda mfupi baada ya kuvua ni dalili kiatu hakimfai. Kila anapovaa, pitisheni mkono ndani kwanza kuhakikisha hakuna kijiwe wala kikunjo. Mchukulie Derby pana au cha mkanda wa kunatisha, bitana laini, bila mshono juu ya vidole. Likitokea lengelenge lisitoboliwe nyumbani, mpelekeni kliniki yake siku hiyohiyo. Na kama ana kidonda sasa hivi, aulize kliniki kabla ya kununua kiatu chochote. Cheti anaweza kukipokea akiwa amekaa.