Kabla Kijana wa Kigoma Hajachagua Chuo cha Sheria: Mambo ya Kuzingatia

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wa Kigoma mjini, Kasulu, Kibondo na Uvinza huulizana swali lile lile: chuo gani kina ada ndogo? Swali hilo ni la haki kabisa, lakini kwa kijana anayetaka kusoma sheria halijakamilika, kwa sababu shahada ya kwanza ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada ya shahada hiyo, anayetaka uwakili hupita katika Shule ya Sheria Tanzania iliyopo Dar es Salaam, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na huko ana ada nyingine, malazi mengine na mitihani mingine. Kwa hiyo hesabu ya mzazi ianzie siku kijana anapopanda treni stesheni ya Kigoma na iishie siku anapoapishwa kuwa wakili. Chuo cha ada ndogo kinachomtoa mwanafunzi asiyeweza kuvuka hatua ya mwisho ni ghali kuliko vyote.

Kwamba hatua hiyo si nyepesi, nchi nzima ilijionea mwaka 2022. Matokeo yaliyotangazwa na Shule ya Sheria mwaka huo yalionyesha kuwa kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza kilichotokea, na katika mjadala uliofuata wapo walioilaumu Shule yenyewe na wapo waliovinyooshea kidole vyuo vikuu vilivyowaandaa wanafunzi hao. Sioni haja ya kuamua ugomvi huo hapa. Kwa mzazi inatosha kujua kwamba ubora wa chuo cha kwanza ni sehemu ya bei yake.

Jambo la kuhakikisha mapema ni ithibati, yaani kibali rasmi cha kufundisha, na hapa wengi hukosea kwa kuuliza habari za chuo bila kuuliza habari za programu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaopatikana bure katika tovuti yake, na ndani yake kila programu iliyoruhusiwa imeandikwa pamoja na sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Chuo kinaweza kuwa halali na bado shahada ya sheria isiwepo katika orodha yake ya mwaka huo. Kwa mfano, watu wa kwetu hupenda kukitaja chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kilichopo Tabora, ambacho ni tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kwa sababu ni karibu na nauli yake haiumizi. Ukaribu huo ni hoja nzuri, ila usimzuie mtu kufungua mwongozo na kutafuta neno sheria kwanza. Stashahada na astashahada zina msimamizi mwingine, baraza la elimu ya ufundi liitwalo NACTVET, na orodha yake ni tofauti.

Sifa za chini kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili katika kiwango cha juu wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kizingiti tu, kwani vyuo vyenye waombaji wengi huchukua wenye alama za juu zaidi. Ambaye alama zake hazikutosha asikimbilie kukata tamaa wala kununua maneno ya madalali wa udahili. Ipo njia ya stashahada ya sheria, kama ile inayotolewa na Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo Lushoto, ambayo akiifaulu vizuri humfikisha chuo kikuu akiwa tayari anaijua lugha ya mahakama.

Tukija kwenye fedha, karatasi ya ada isisomwe peke yake. Tuseme chuo cha kwanza kinatoza shilingi 1,000,000 kwa mwaka lakini hakina hosteli, na chumba cha kupanga mtaani ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa miezi 10 kodi pekee inafika 600,000, na jumla ni 1,600,000. Chuo cha pili kinatoza 1,300,000 na kitanda cha hosteli ni 200,000 kwa mwaka, jumla 1,500,000. Kile kilichoonekana ghali ndicho nafuu, na bado hatujahesabu daladala za kila siku. Ongeza nauli ya likizo, kwa maana reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina zaidi ya kilomita 1,200, na mwanafunzi wa Dar es Salaam, Morogoro au Iringa hawezi kurudi nyumbani kila akiishiwa unga. Muda wa masomo nao ni fedha: vyuo vingine hufundisha shahada ya sheria kwa miaka 3 na vingine kwa miaka 4, na mwaka mmoja unaopungua ni nafuu ya kweli, mradi mzazi aulize ni masomo gani yamebanwa ili muda huo upungue.

Kwa wenye uwezo mdogo kabisa, au kwa watu wazima wenye kazi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo Kigoma na Tabora, na mtu anaweza kusoma sheria huku akilala kwake. Tahadhari yangu ni moja. Kusoma bila mhadhiri wa kukusukuma kunahitaji nidhamu ambayo kijana wa miaka 19 mara nyingi hana bado, na ada iliyolipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi bila kumaliza haikuwa nafuu.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu uombwe, lakini usihesabiwe kama fedha iliyo mfukoni. Sheria haimo katika kundi la kwanza la fani za kipaumbele, na anayepata anaweza kupata sehemu tu ya ada pamoja na fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi huiita bumu. Maandalizi yake huanza miezi kadhaa kabla: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo pia, fomu isainiwe na serikali ya mtaa au kijiji, mdhamini awe na kitambulisho. Sisi wa mkoa wa mpakani tunajua jinsi suala la uraia na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, linavyoweza kuchukua muda mrefu kuliko kwa wenzetu wa mikoa ya kati, kwa hiyo anayesubiri dirisha la mkopo lifunguliwe ndipo aanze kufuatilia namba yake amechelewa.

Ubora ndio mgumu kupima ukiwa mbali, ila si siri. Uliza mwanafunzi anayesoma hapo kama anaandika kazi zake kwa kusoma hukumu zenyewe au kwa kunakili muhtasari wa mhadhiri, kwa kuwa hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure katika tovuti ya TanzLII na chuo kisichowapeleka wanafunzi wake huko hakina kisingizio cha umaskini wa maktaba. Uliza kama kuna mahakama ya mfano ambapo wanafunzi wanasimama na kujenga hoja, kama kuna kitengo cha msaada wa kisheria wanakokutana na wananchi wenye shida halisi, na kama wahadhiri wa kudumu wapo au wengi wanapita kwa saa chache. Lugha pia ipimwe mapema. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini madarasani, vitabuni na katika hukumu nyingi za zamani Kiingereza bado kinatawala, na kijana aliyefaulu Historia na Kiswahili vizuri huku Kiingereza kikimpiga chenga atumie miezi ya kusubiri udahili kukisoma.

Miezi hiyo hiyo inatosha kwenda Mahakama Kuu hapa Kigoma, au ile ya Tabora, na kukaa kimya nyuma kusikiliza kesi zinazosikilizwa hadharani. Mawakili vijana wakitoka nje, waulizwe kwa adabu walisoma wapi na walivukaje Shule ya Sheria. Jibu la wakili aliyemaliza juzi lina uzito kuliko sifa anazotoa mzee aliyesoma miaka 30 iliyopita, kwa sababu chuo hubadilika hata kama jina lake limebaki.

Mwisho ni maombi yenyewe. Wengi wetu tunajaziwa fomu kwenye steshenari, na mwenye kibanda, kwa nia njema, huweka namba yake ya simu na barua pepe yake ili kazi iende haraka. Mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa kutumia namba ya siri anayotumiwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe, na ana siku chache tu za kufanya hivyo. Anayekaa kijijini Buhigwe huku ujumbe wake ukiingia kwenye simu ya mtu wa mjini anaweza kupoteza nafasi aliyoipata kihalali, hivyo laini iwe yake mwenyewe, imesajiliwa kwa jina lake, na nywila ya kila chuo alichoomba iandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani.